Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: 12 Mei tusiishie kwenye mishumaa

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mi ni nesi wa zahanati huku wilayani. Kila 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunavaa sare, tunawasha mishumaa, tunarudia kiapo, mgeni rasmi anatuambia tuwe na moyo kama wa Florence Nightingale, yule Mwingereza mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, basi imeisha hiyo. Mwaka huu naomba mtuambie na habari za India, maana huko ndo aliwasumbua wakubwa kwelikweli.

Alikuwa mgonjwa, yuko London, India yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Lakini tume ya kifalme ilipoundwa 1859 kuchunguza afya ya jeshi la Waingereza waliokuwa wanaitawala India, yakatumwa maswali kwenye kambi zote, maji mnachota wapi, mnachuja na nini, machafu yanaenda wapi, na majibu yakarudi marundo kwa marundo akayapitia. Ripoti ikatoka 1863: kila askari 1,000 wa Kiingereza walikuwa wanakufa 69 kwa mwaka, na wengi sio risasi jamani, ni homa, kuhara, kipindupindu. Kwenye maelezo yake akaweka mpaka michoro ya wabeba maji na viriba vyao vya ngozi, ili mkubwa aliyekaa Uingereza ayaone hayo maji yanavyofika mdomoni. Kambi zikaanza kusafishwa, na miaka kama 10 baadaye akaandika kwamba vifo vimeshuka mpaka 18.

Sasa hapa ndo pananiuma. Wale walihesabiwa kwa sababu ni askari wa Malkia, Mhindi wa kijijini alikuwa analipa kodi tu na mtaro haoni. Nightingale naye alikuwa mtu wa himaya, hilo tusilifiche, ila hili aliliona na hakunyamaza, miaka ya 1890 ameshazeeka bado anawabana kwamba kodi za vijijini zianze na usafi wa vijiji hivyohivyo.

Sisi Mheshimiwa tunajaza MTUHA, yale madaftari ya takwimu za wagonjwa, watoto wa kuhara tunawaandika mmoja mmoja, ripoti inapanda wilayani ndo basi tena, na kikao cha mradi wa maji kikikaa nesi haitwi. Naomba hizo takwimu zirudi zisomwe kwenye mkutano wa kijiji, na nesi wa zahanati awe mjumbe kisima kinapopangwa kichimbwe wapi, vyoo vikae umbali gani. Waraka mmoja wa wizara unatosha, na ukitoka kabla ya Mei tutausoma siku hiyohiyo mbele ya mgeni rasmi.