Barua kwa wazazi na walezi: kufunga muhula wa kwanza

Ndugu wazazi na walezi,

Muhula wa kwanza umekwisha, nami naanza kwa furaha. Siku ya wazazi, wanafunzi wa Darasa la Sita walieleza mbele yenu, kwa michoro yao wenyewe, jinsi mwili unavyopambana na surua, wakaonyesha kwamba vipele hutokea pale seli za kinga zinaposhambulia seli za ngozi zilizoambukizwa. Babu mmoja aliuliza kama basi mtoto asiyetoka vipele ndiye mwenye nafuu. Binti wa miaka kumi na mbili akamjibu bila kutetereka kwamba mwenye kinga dhaifu aweza kuugua vibaya, hata mapafu yakashikwa, pasipo kipele kimoja. Nimefundisha miaka mingi hapa Mbeya, na jibu lile limenipa fahari kuliko alama zozote.

Ripoti za mitihani mnazo. Wanaodaiwa mahindi na maharage wakamilishe kabla ya shule kufunguliwa.

Sasa nisemalo ni zito. Wiki ya mitihani mtoto aliletwa darasani akiwa na homa, kikohozi na macho mekundu, nasi tukaambiwa ni mafua ya baridi ya Juni, ilhali nyumbani mdogo wake alikuwa tayari na vipele. Mgonjwa wa surua huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada yake, na kirusi chaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya yeye kuondoka. Nasi kwa baridi hii tulikuwa tumefunga madirisha yote. Mzazi huyo aliniambia kwamba surua ni ya kila mtoto, ipite tu. Haipiti hivyo. Humlemea zaidi mwenye utapiamlo au upungufu wa vitamini A, na hata aliyepona hupotezewa sehemu ya kumbukumbu ya kinga yake, akabaki rahisi kushikwa na maradhi mengine kwa miezi, pengine miaka, hata yale ambayo mwili wake ulikwisha kuyajua.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa bila malipo mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18. Siku ya kufungua shule kila mwanafunzi aje na kadi yake ya kliniki. Aliyekosa dozi apelekwe zahanati likizo hii. Mwenye homa na vipele hatapokelewa hadi siku 4 zipite tangu vipele vitokee, na mtihani atakaoukosa nitampangia mimi mwenyewe.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu