Mkitaka kitabu chenu kiandikwe gazetini, tuleteeni stori

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na waandishi wa vitabu, washairi, wachapishaji na walimu wa Kiswahili ambao kila tukikutana wanalalamika kwamba magazeti hayaandiki fasihi. Malalamiko yao yana ukweli, kurasa za utamaduni zimepungua na hakuna asiyeliona hilo. Lakini stori nyingi za vitabu zinatufikia sisi waandishi wa habari wa mikoani zikiwa zimeshakufa, halafu sisi ndo tuhangaike kuzifufua mbele ya mhariri aliyeko Dar ambaye mezani kwake ana siasa, ana ajali, ana Simba na Yanga.

Mimi niko Tanga, naandika habari za vitabu, mashairi na taarabu. Wasomaji wajue tu kwamba huku mkoani sijaona mtu aliyeajiriwa kuandika habari za fasihi peke yake. Wengi wetu ni makorespondenti, tunalipwa kwa stori iliyotoka, isiyotoka ndo basi tena, nauli juu yako na bando juu yako. Asubuhi uko kwenye baraza la madiwani, jioni uko Mkwakwani Coastal Union wanacheza, hapo katikati ndo unajibana usome riwaya ya watu ili ukienda kumhoji mwandishi umuulize maswali ya maana, sio yale ya "ulipata wapi wazo la kuandika". Kwa hiyo anayemfuata mwandishi wa mkoani na kitabu chake ajue anaongea na mtu mwenye hamu kubwa na muda mdogo sana.

Na kazi yenyewe ni ya heshima, hasa hapa kwetu. Kule Magila, Muheza, wamisionari walikuwa wanachapa gazeti la Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890, Tanga mjini likaja gazeti la Kiongozi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Mambo Leo lilipoanza 1923 watu wa mikoani ndo waliokuwa wanalijaza mashairi, makarani, walimu, yeyote mwenye kalamu, na Shaaban Robert wetu wa Vibambani, karani wa forodha, ni kati ya waliosomwa humo. Muhammed Said Abdulla aliyetupa Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwayani, alikuwa mhariri wa magazeti Zanzibar kabla riwaya zake hazijajulikana, Ben Mtobwa wa Kigoma alikuwa mwanahabari, na marehemu Ken Walibora wa Kenya alisoma habari KBC na NTV huku anaandika riwaya ambazo wanafunzi kibao wamezisoma shuleni. Yaani gazeti na fasihi ya Kiswahili vimekua pamoja, sasa iweje leo mshairi wa Pangani amuone mwandishi wa habari ni mtu wa kumpigia picha tu siku ya uzinduzi?

Nirudi kwenye hizo stori. Meseji nyingi ninazopata WhatsApp zimefanana, picha ya jalada, chini yake "salaam kaka, kitabu changu kimetoka naomba unisapoti", imeisha hiyo. Hamna kinahusu nini, hamna bei, hamna kinapatikana duka gani, hata jina la mchapishaji ulitafute mwenyewe kwenye picha. Wengine wanatuma kitabu kizima kwenye simu saa sita usiku, kesho yake mchana wanauliza "vipi imetoka leo?"

Kuna mwalimu mmoja mstaafu huko Muheza alinitumia mwaliko wa uzinduzi wa riwaya yake, umejaa jina la mgeni rasmi na cheo chake, ratiba, kwaya, chakula. Mhariri gani atachapa hiyo? Nikampitia kwa kuwa nilikuwa na safari ya njia ile. Tumekaa barazani kwake tunaongea, akanyanyuka akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki, ndani mna kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, cha marehemu baba yake, manamba, yaani kibarua wa mashambani, aliyeletwa kutoka Songea kuja kukata mkonge. Karatasi imekunjwa miaka mpaka kwenye mikunjo imetoboka, ina viboksi vya siku thelathini, vingine vimetiwa alama ya kazi na vingine vitupu, na mwalimu akanionyesha kwa kidole vile vitupu akasema hapa mzee alikuwa anaumwa homa, siku haikuhesabiwa. Riwaya yote imetoka kwenye karatasi ile! Na kwenye mwaliko haikutajwa hata kwa neno moja. Nilivyotuma picha ya kipande na maelezo machache mhariri alitoa nafasi bila kubembelezwa, kwa sababu mkonge umeingia huku tangu 1893 na kuna familia chungu nzima za Tanga ambazo asili yao ni makambi yale, wote hao watataka kusoma hata kama hawajawahi kununua riwaya maishani.

Hiyo ndo stori ndugu zangu. Kitabu kutoka ni habari kwako na kwa mama yako, msomaji wa Korogwe au Lushoto anataka kujua kuna nini ndani kinachomgusa, nani ameishi hayo, na kwa nini yasemwe leo. Niandikie sentensi tatu nne za hayo, sio wasifu wako wote tangu shule ya msingi. Niambie nani mwingine anaweza kuongea zaidi yako, mzee aliyekusimulia, mwalimu anayekifundisha, hata mtu ambaye hakubaliani na kitabu, huyo ndo mzuri kabisa. Weka bei, mahali kinapopatikana, namba ya simu inayopokelewa. Nipe nakala ya karatasi kama unayo, ukikosa basi nitasoma kwenye simu, macho yataumia ila nitasoma. Picha iwe ya mchana yenye mwanga, na majina ya waliomo kutoka kushoto kwenda kulia, maana picha nzuri isiyo na majina inaishia kutupwa. Na tuma mapema jamani, kurasa za makala za mwisho wa wiki zinafungwa siku kadhaa kabla, ukinitumia Ijumaa jioni umechelewa hata kama kitabu ni kizuri vipi.

Halafu kuna hili la kumpa waandishi watano stori ileile na kila mmoja unamwambia ni yake peke yake, sisi tunajuana na tunaongea, ukifanya hivyo safari nyingine hakuna atakayekuamini. Kimya cha wiki moja unaruhusiwa kuulizia, uliza tu bila kununa. Ukiomba kuisoma makala kabla haijatoka nitakataa, ila nitakupigia tuhakiki majina, miaka na ulichosema, hiyo ni haki yako. Bahasha na "hela ya maji" bakini nazo. Msomaji akijua kwamba sifa za kitabu zimelipiwa hatamwamini mwandishi wala kitabu, na mshairi asiye na kitu ambaye kazi yake ni bora kuliko yako ataonekanaje?

Yote haya nayasema kwa sababu naona tunavyopitwa. Abdulrazak Gurnah alivyopata Nobeli Oktoba 2021 vyumba vya habari vilihangaika kutafuta mtu aliyemsoma, na Mzanzibari huyu ilibidi tusubiri mpaka 2022 ndo riwaya yake moja itoke kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Dkt Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakaichapa. Sasa hivi tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ambayo ilianza kutolewa 2023, tuna ile ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani ya fasihi ya Kiswahili, na mtu anaweza kuibuka mshindi kutoka wilaya ambayo hakuna mwandishi wa habari anayemjua. Anayetakiwa kumjua mapema ni sisi tuliopo huku huku, na tutamjua akija na stori yake au jirani yake akitutonya.

Na wewe Mhariri nina ombi, tena la siku nyingi. Tutangazie gazetini habari za vitabu kutoka mikoani zitumwe kwa dawati gani, mwisho siku gani, maneno mangapi, na korespondenti akiandika mapitio ya kitabu analipwa kama stori nyingine au hapana, maana muda wa kusoma nao ni kazi. Ukishajibu nitaikata niibandike kwenye ubao wa matangazo pale Maktaba ya Mkoa, washairi wetu wengi wanapita pale kusoma magazeti.

Korespondenti wa vitabu na utamaduni,
Ngamiani, Tanga