Dada, naomba mtoto apimwe tezi

Dada mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, kazi zinaendelea.

Ile picha ya mwanetu nimeitazama sana. Gauni ni lile lile alilovaa wakati naondoka, na linamfika palepale chini ya magoti. Uso umejaa, lakini kimo hakijapanda. Tena uliniambia anasinzia darasani, anajifunika wenzake wakilalamikia joto, na choo chake ni kigumu. Kila jambo peke yake lisingenitisha. Yakikutana yote kwa mtoto mmoja, nakuomba apimwe tezi ya thairoidi.

Tezi hiyo iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Homoni zake ndizo zinazoupa mwili kasi: mapigo ya moyo, joto, choo, na kwa mtoto, kurefuka kwa mifupa. Zikipungua, mtoto hudorora polepole mno, na mnaomwona kila siku ni vigumu kutambua. Basi kimo ndicho shahidi wetu. Mtoto wa umri wake, kabla ya balehe, kwa kawaida huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Msimamishe bila viatu, visigino viguse ukuta, mwekee kitabu bapa kichwani, upime hadi hapo na uandike tarehe. Beba na kadi yake ya kliniki yenye vipimo vya zamani. Mtoto anayenenepa kwa kula tu huwa anarefuka pia; anayeongezeka uzito huku urefu umesimama, huyo achunguzwe.

Tafadhali asiitwe mvivu. Watoto hawa hutulia, hawasumbui mtu, na utulivu wenyewe husifiwa. Hilo linaniuma sana.

Akinywa maji, mtazame shingo. Uvimbe unaopanda na kushuka anapomeza, mwonyeshe daktari. Usipouona, bado apimwe. Ni damu kidogo tu, waangalie TSH na T4, yaani homoni ya tezi yenyewe. TSH hutoka chini ya ubongo kuihimiza tezi ifanye kazi, kwa hiyo tezi ikilegea, TSH hupanda. Ikithibitika, atapewa kila siku vidonge vya levothairoksini, yaani homoni ya tezi iliyotengenezwa, na kimo kitaanza tena kupanda. Kama anatumia dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma, zisimezwe pamoja, maana chuma huzuia homoni kufyonzwa.

Mwambie na wifi, kwa kuwa ana kichanga: manjano yanayopita wiki 2, ulimi mkubwa, kilio cha kukwaruza, kitovu kilichotokeza, au usingizi mzito hadi kunyonya kunamshinda, aende hospitali siku hiyo hiyo. Ubongo wa mtoto mchanga unaihitaji homoni hii, na dawa inapaswa kuanza ndani ya wiki 2 za kwanza. Huku vichanga hutolewa tone la damu kisiginoni siku chache baada ya kuzaliwa, kabla dalili hazijaonekana.

Tezi ikizidisha kazi, mambo hugeuka: mtoto anakula sana huku anakonda, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio amekaa tu. Wengi hudhani ni utundu.

Mpeleke wiki hii. Majibu yakitoka, nipigie picha karatasi nzima, na uwaulize kama viwango vya kawaida walivyoandika ni vya umri wake, kwa sababu vya watu wazima havimfai mtoto.

Mdogo wako akupendaye