Joto la Tanga ni la maji: AC inayodondosha, feni ya maji isiyopoza na friji iliyojaa barafu

Fungua kopo la chumvi jikoni. Ikiwa chumvi imeanza kulowa pembeni, ujue unyevu wa hewa umefika au umepita asilimia 75, maana hapo ndipo chumvi safi huanza kunyonya maji ya hewani hadi iyeyuke yenyewe. (Chumvi ya mawe huwahi zaidi, kwa sababu ina madini mengine yanayopenda maji.) Februari na Machi, kaskazi imelegea na masika bado kushuka, kopo hilo hapa Tanga halikauki hata ulitie punje za mchele. Na hiyo ndiyo miezi ambayo wateja wetu wa Ngamiani hadi Raskazone huuliza mambo yale yale: AC inavuja ndani, AC haipozi, friji inajaa barafu. Matatizo hayo matatu yanatoka kwenye chimbuko moja, nalo ni fukuto, yaani joto lililobeba maji.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, dari mita 3. Hewa yenye joto la nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75 hubeba takriban gramu 25 za maji katika kila mita ya ujazo. Piga hesabu: chumba kizima kina kama lita moja na robo ya maji yanayoelea bila kuonekana. Ukitaka kulala kwenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 55, karibu nusu ya maji hayo lazima yatolewe nje, na kila mlango ukifunguliwa mengine yanaingia. Kugeuza lita moja ya mvuke kuwa maji humaliza uwezo wote wa AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa dakika 11 hivi, kabla joto halijashuka hata nyuzi moja. Kwa hiyo AC ikitoa lita moja au zaidi kwa saa wakati huu, inafanya kazi yake. Swali ni kama maji hayo yanatokea nje au ndani ya chumba.

Kabla ya AC, neno moja kuhusu feni za maji, zile zenye tangi na sifongo zinazouzwa kama mbadala wa AC. Hapa pwani usinunue. Zinapoza kwa njia ile ile ya mtungi wa udongo: maji yakikauka huchukua joto. Mahali pakavu, hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 35 inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75 haiwezi kushuka chini ya nyuzi 28, hata mashine iwe ya bei gani, na wakati huo huo inakuongezea unyevu chumbani. Dodoma ni kifaa cha maana, Tanga ni sauna ndogo. Pangaboi la kawaida ni bora: halipozi hewa, ila linaondoa ile hewa iliyoshiba jasho mwilini. Ndiyo maana kuliacha linazunguka kwenye chumba kisicho na mtu ni kuchoma umeme bure.

Sasa AC inayovuja. Jambo la kwanza tunalouliza ni saa ngapi inavuja. Ikidondosha wakati inafanya kazi, mara nyingi bomba la kutolea maji limeziba. Ndani yake kuna giza na maji, vumbi la chumbani linaingia, na baada ya miezi kadhaa hujengeka utelezi wa kijani au kahawia kama ute wa bamia. Zima umeme kwenye swichi kuu ya AC, si kwenye rimoti. Ondoa kifuniko na machujio, kisha mimina nusu lita ya maji polepole kwenye trei iliyo chini ya koili, yaani mabomba yanayopoza hewa. Mtu asimame nje kwenye mdomo wa bomba. Yasipotoka ndani ya dakika moja, pameziba. Nyonya uchafu kutoka upande wa nje kwa mashine ya kunyonya maji, kisha suuza kwa lita moja ya maji iliyochanganywa na kikombe cha siki. Usitumie jiki, inakula mapezi, zile bati nyembamba za alumini kwenye koili. Wala usipulize kwa nguvu kutokea nje, utalirudisha tope lote kwenye trei, na kutoka hapo hadi kitandani.

Bomba likiwa safi na bado inavuja, angalia mlalo wake. Linatakiwa kushuka angalau sentimita 1 kila mita, bila tumbo njiani. Kosa tunalolikuta sana ni mdomo wa bomba kuzamishwa ndani ya ndoo: ndoo ikijaa, maji hayana pa kwenda. Weka pima maji juu ya AC pia. Ikiinama upande usio na bomba, trei itamwaga tu.

Ikimwaga maji mengi baada ya kuzimwa, hilo ni barafu. Koili ya ndani kwa kawaida huwa nyuzi 5 hadi 10 hivi. Chujio likijaa vumbi, hewa inayopita hupungua, koili hushuka chini ya sifuri na unyevu unagandia juu yake. Barafu nayo inaziba njia zaidi. Ukizima, yote inayeyuka kwa pamoja. Weka rimoti kwenye feni tupu kwa saa moja au mbili hadi iyeyuke, usiikwangue. Osha machujio kwa maji na sabuni kidogo, yakauke kivulini. Msimu huu fanya hivyo kila wiki mbili. Barafu ikirudi na machujio ni safi, huenda gesi imepungua.

Na hapa tuseme wazi: gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Imepungua maana yake inavuja, na fundi anayekujazia kila mwaka bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ile ile mara nyingi. Mwambie apake povu la sabuni kwenye nati za maungio kwanza. Kwa gesi aina ya R410A ajaze kwa mizani, ikiwa katika hali ya kimiminika. Kwa gesi aina ya R32 asivute sigara karibu, inaweza kushika moto.

Hapa kwetu tundu mara nyingi liko kwenye mashine ya nje, na mhalifu ni ile chumvi ya kwenye kopo. Upepo wa bahari huipaka kwenye mapezi, usiku unyevu unailowesha, na alumini inaliwa hadi inageuka unga mweupe unaobaki kidoleni ukigusa. Waliopakana na bahari waioshe kila mwezi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mpira wa bustani, presha ndogo, umeme ukiwa umezimwa. Maji ya kisima cha chumvi hayafai.

Friji ina tatizo dogo zaidi: hewa yenye maji inapita mlangoni. Bana noti kwenye mpira wa mlango, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umelegea hapo. Barafu ikifika nusu sentimita, zima na uache mlango wazi juu ya taulo. Ukitumia kisu, ncha ikateleza, utasikia mlio mdogo wa "fsss". Mlio huo ni gesi inayotoka, na kwenye friji nyingi ukuta wa freeza ndiyo koili yenyewe.

Rimoti iweke nyuzi 25 au 26. Kuteremsha hadi 16 hakuharakishi AC ya kawaida, ila kunafanya ukuta na kabati vitoe jasho, na kuvu huanzia nyuma ya kabati. Usiku wa fukuto, jaribu alama ya tone la maji kwenye rimoti, ile ya kukausha hewa. Umeme ukikatika, subiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kuwasha tena, presha ndani ya kompresa itulie.

Maji ya AC mwagia maua au osha sakafu. Usiyanywe, na usiyatie kwenye betri. Yamepita kwenye vumbi na metali.

Ukitupigia kuhusu kuvuja, tuambie mambo matatu: inavuja ikiwa inafanya kazi au ikishazimwa, machujio yalioshwa lini, na gesi ilijazwa lini mara ya mwisho. Tutajua tubebe mashine ya kunyonya au mizani ya gesi.