Jumamosi Ngong: someni kabla ya safari

Hamjambo wanakikundi. Jumamosi tukutane steji ya Ngong saa moja asubuhi. Matatu haitasubiri mtu. Bebeni jaketi, huko juu baridi haina huruma.

Mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme tutakayoona ni ya kilowati 850 kila mmoja, na mapanga yake yanafagia duara lenye kipenyo cha mita 52. Kupanda mnara hatutapanda, kwa hivyo naomba msiniulize tena. Nataka tuelewe kazi ya fundi anayeitunza. Kwanza mapanga hugeuzwa yasishike upepo, rota (kitovu pamoja na mapanga yake) hufungwa kwa pini, umeme huzimwa na kutiwa kufuli, na ufunguo hubaki mfukoni mwa fundi. Ndipo grisi huongezwa kwenye beringi, bolti hukazwa kwa spana yenye kipimo, na oili ya giaboksi huchotwa kidogo ipelekwe maabara. Hapo ndipo penye utamu: chembe za chuma kwenye ile oili husema jino fulani la gia linalika hata kabla mlio haujabadilika.

Upepo ukizidi kiwango cha usalama, hakuna anayepanda, hata bosi apige simu mara ngapi.

Mwenye darubini aje nayo, tukague kingo za mapanga tukiwa chini. Anayekuja aandike jina hapa kufikia Alhamisi jioni.