Baba, kuhusu ada ya Shabani

Great Falls, Montana, Marekani

Shikamoo Baba. Natumaini mko salama na mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi sijambo. Baridi ipo, ndiyo Montana.

Ujumbe wako nimeusikia, na ada ya chuo cha uhasibu uliyoitaja nimeiandika. Sijakataa. Ila hela niliyotuma kabla ya Idi ilikuwa ya rangi na turubai za Shabani, si ya bati la Baba mdogo. Picha ya hilo bati nimeletewa, linang'aa kwelikweli, hongereni. Mtoto anachorea mabaki ya rangi anayookota kwa fundi wa magari.

Unasema kuchora ni uvivu wa kitinda mimba. Baba, mji huu ninaokaa una makumbusho na shule ya sekondari zenye jina la mchoraji, Charlie Russell. Na kule Washington, kwenye jengo la Bunge lao, kila jimbo lina sanamu mbili tu za watu wake. Montana ilikuwa na magavana na matajiri wa shaba, lakini moja ikampa huyu, kauboi.

Na baba yake alikuwa kama wewe, usinikasirikie. Watu wenye uwezo, wa St. Louis. Mtoto hataki shule, anachora farasi tu, wakampeleka shule ya kijeshi New Jersey, ikashindikana. Mwaka 1880, akikaribia miaka 16, wakamwachia aje huku Montana, wakidhani shida itamrudisha. Hakurudi. Kazi ya kondoo ilimshinda, na mwenyewe alikiri kwamba kamba na farasi hakuwa fundi navyo. Basi akawa mlinzi wa mifugo usiku, mtu wa zamu ya usiku kama mimi. Mchana wenzake wakiwa kazini, yeye anachora.

Masika yale ya ukame uliyozika ng'ombe wako, hapa yalikuwa majira ya baridi ya 1886 kuingia 1887. Theluji ilifunika majani, ng'ombe wakafa kwa maelfu. Tajiri mmoja wa Helena, mji mkuu wa Montana, akaandika kuuliza mifugo yake ikoje. Msimamizi anahangaika na majibu, Charlie akachukua kipande cha karatasi na rangi za maji. Akachora ng'ombe mmoja, mbavu unaweza kuzihesabu, kichwa kimeinama, na mbwamwitu wamekaa pembeni wanasubiri aanguke. Msimamizi akaituma hiyo. Nina nakala yake ukutani. Wewe ungeitazama usingehitaji kusomewa.

Jina likaanza hapo, hela bado. Picha alizigawa, nyingine zikaishia kwenye vilabu vya pombe. Alipomwoa Nancy mwaka 1896 ndipo mambo yakabadilika, maana bei alipanga mama huyo, na hakuwa na haya. Akampeleka kuonyesha picha zake New York 1911, London 1914. Mwaka 1912 Charlie akachora ukutani kwenye Bunge la jimbo, Helena, nyuma ya kiti cha Spika, picha ya futi 12 kwa 25, kwa dola 5,000. Za wakati ule, Baba! Alipofariki 1926, watoto wa shule waliruhusiwa kutoka waone mazishi yakipita.

Kwa hiyo Shabani hakosi kipaji, anakosa mtu wa kumtajia bei. Ile picha ya mnada wa Jumamosi aliyompa mwenye hoteli kwa sahani ya wali, mimi nisingekubali. Na ninajua ninachosema, sasa mimi ni msimamizi wa zamu, na pikapu ninayoendesha nimemaliza kuilipa. Mwambie Baba mdogo, yule aliyesema nitarudi na begi tupu.

Juzi ulivuma upepo wa chinook, ule wa joto unaoshuka milimani. Asubuhi theluji, alasiri maji yanatiririka barabarani na udongo unanukia. Nilipiga simu nyumbani nikiwa nimesimama nje bila koti. Hamkupokea, nadhani mlikuwa shambani.

Ijumaa natuma. Ada ya muhula mmoja inakuja kwako, kwa heshima yako. Hela ya rangi inaingia kwenye simu ya Mama, na Baba mdogo asiambiwe. Mkikubali Shabani asome mchana na kuchora jioni, muhula wa pili nalipa bila maneno. Mkikataa, nitamtumia nauli aende kwa shangazi Dar, na shangazi nimeshazungumza naye.

Mwanao,
Mwajuma