Mjomba, gitaa lako sikuliuza

Shikamoo mjomba.

Simu zangu hupokei, na mama amechoka kubeba salamu. Basi naandika hapa, watoto wako watakusomea.

Nimeambiwa mgongo umekukamata tena, na bado unapanda jukwaani na lile gitaa jeusi zito. Pole sana. Nakuomba utafute mkanda mpana, wa kuenea bega lote, na nyuzi za namba 10 uzibadilishe utie za namba 9, vidole vipumue. Wewe ndiwe uliyenifundisha kuwa mkono uliokakamaa hautoi solo. Mbona mwili mzima unaukakamaza?

Nami nilikakamaa. Ule usiku wa hoteli huwezi kuwa umeusahau. Seti ya pili, saa tano na kitu, gitaa lako zito begani, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi, siusikii uzi hata mmoja. Nikakunong'oneza naomba kiti. Ukaishika maikrofoni, pete yako ikagonga ule wavu wake, ta, ukasema mbele ya wageni na wahudumu: "Gitaa si godoro." Wakacheka wote, hata mpiga ngoma wetu. Seti nikaimaliza nimesimama. Huu mwaka wa 4. Kicheko kimeshanitoka, ila ile pete bado naisikia.

Mjomba, roki haikujengwa kwa uzito. Stratocaster, gitaa la umeme la Fender, ilitoka mwaka 1954 ikiwa imechongwa mgongoni isimchome mpigaji mbavu, na ndiyo aliyoishika Jimi Hendrix. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi laini kabisa, akashika gitaa jembamba la Gibson SG. Na kaseti zake ni wewe uliyeniletea! Yeye mbona hukumwambia habari za godoro?

Waliokuambia nimeliuza gitaa lako wamekudanganya. Nilibadilishana na kijana mmoja wa Tudor, Mombasa, nikaongeza shilingi 8,000. Kwanza tuliyapima yote mawili sokoni Kongowea, kwenye mizani ya muuza viazi: lako kilo 4.7, hili la umbo la SG kilo 3.1. Kisha nikalivaa sebuleni kwake saa nzima, nimesimama, maana kwa dakika tano gitaa lolote ni jepesi. Pikapu zake, vile vinasa sauti chini ya nyuzi, ni za koili mbili kama za lako, ule mngurumo haukupotea. Ningeng'ang'ana na lile zito, leo nisingekuwa napiga kabisa, na hapo ndipo ungesema nimekuvunjia heshima. Ulitaka nifanyeje?

Lina kasoro moja. Mwili wake mwepesi, kwa hiyo ukiachia mkono, shingo inazama chini. Mkanda wa nailoni ulikuwa ukiteleza begani kila wimbo. Nikautoa kabatini ule wako wa ngozi, uliotoboa kwa msumari wa moto uani kwa nyanya. Upande wake wa ndani ungali unakwaruza vilevile. Unashika shati, na shingo haiendi popote.

Lile tundu limeanza kupasuka. Ijumaa naupeleka mkanda kwa fundi viatu, nikitoka hapo nakuja kwako, na gitaa nakuja nalo.

Niwekee kiti.